Dobrinka Raykova, Mtetezi wa Marehemu Wazima

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha huduma ya kwanza cha shule yetu hapa Beli Brod, mji mdogo kando ya mto Danubi, muuguzi Dobrinka Raykova anavua koti jeupe na kwenda kupumzika. Kamati ya shule ilitafuta mtu wa kuandika wasifu huu. Walimu wakatazamana, mwisho wakanijia mimi, dereva wa basi na mtunza boila linalopasha shule joto. Walijua wanachofanya. Shule niliiacha mapema, lakini nimejenga barabara Libya, nimepika melini mpaka Havana, na kalamu hainitishi.

Dobrinka alikuja kwetu akiwa binti mwembamba kutoka Vidin. Wiki yake ya kwanza, alipotoa sindano za chanjo, darasa la sita lote lilitorokea dirishani likajificha nyuma ya boila langu. Aliwafuata huko huko, akawachoma mmoja mmoja, na mimi niliyekuwa nikiwacheka nikachomwa wa mwisho.

Wajanja waliopasha kipimajoto kwenye bomba la joto ili warudi nyumbani hawakumpata kamwe. "Nyuzi arobaini na tatu," alimwambia mmoja. "Pole mwanangu, kwa joto hili ulishakufa tangu asubuhi. Hebu nenda kwenye hesabu, wenzako wanakusubiri."

Lakini tumbo linalouma kwa huzuni, si kwa ugonjwa, hilo hakulicheka. Alimkalisha mtoto, akampa chai ya mitishamba yenye asali, akakaa naye. Wapo wanaume mjini humu, wana masharubu na matrekta, waliolilia kwenye kile kiti chake na hawajamwambia mtu hadi leo.

Kwa hiyo Machi mwaka huu, Ralitsa Getsova wa darasa la kumi na moja na wenzake wanne walipotaka mji mzima uzungumze kuhusu vijana wanaoumia moyoni, walianzia kwake. Aliwapa chumba na ufunguo. Wakaandaa matangazo: kila mmoja picha yake, jina lake, umri wake, na chini kwa herufi ndogo yale anayopitia. Huyu halali usiku, yule anaogopa kuingia darasani. Mwisho waliandika: niulizeni, nitawaambia.

Mashine ya shule ilikuwa imeishiwa wino wa rangi. Wakachapa kwa rangi nyeusi, wakazungushia mstari mweusi ili yapendeze, wakabandika kituo cha basi, kwenye nguzo na kwenye mlango wa duka la mikate. Sasa, hapa kwetu karatasi ya sura hiyo, mahali hapo, ni tangazo la kifo na si kingine. Vijana huyapita hawayaoni. Wanaoyasoma ni bibi zao, nao wakishaona picha, jina na umri, machozi hayawaachi wafike chini.

Kufikia saa mbili asubuhi mji mzima ulikuwa msibani. Muuza mikate alifunga duka. Bibi Gana alibeba bakuli la ngano ya kuchemsha, chakula chetu cha matanga, hadi kwa kina Getsov, nyumbani kwa Ralitsa, akafunguliwa mlango na binti mwenyewe, mswaki mdomoni.

"Mwanangu, umekufa au hujafa?"

"Bado, bibi."

"Basi niletee maji, maana sasa ninayekwenda ni mimi."

Jioni ukumbi wa shule ulijaa, na hofu ilikuwa imegeuka hasira. Mwalimu mkuu alikuwa keshaamua: kampeni ikome, watano wale wasimamishwe masomo. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Assen Getsov, mchinjaji, baba yake Ralitsa. Binti alikaa mbele akitazama viatu vyake. Ndiyo kwanza alikuwa amepata kinywa cha kusema kwamba halali, na sasa alikuwa anakifunga tena mbele ya macho yetu.

Dobrinka akasimama. "Assen, ulipoambiwa binti yako amekufa, ulifanya nini?"

"Nilikimbia. Gari nimeliacha katikati ya barabara, mlango wazi."

"Ukamkuta mzima. Ukamwambia nini?"

Getsov alijikuna shingo. "Nilimfokea, Shangazi." Ndivyo mji mzima unavyomwita.

"Na ile karatasi, umeisoma mpaka chini?"

Hakuwa ameisoma. Hakuna aliyekuwa ameisoma. Dobrinka akaitoa mfukoni akampa. "Haya, soma. Tunakungoja. Na wewe mwalimu mkuu, ukiwafukuza hawa, kesho tafuta muuguzi mwingine, na keki ya kuniaga mle wenyewe."

Getsov hubeba nusu ng'ombe begani kama mimi ninavyobeba koti. Ile karatasi ilimlemea. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akaenda kukaa kando ya binti yake na kumuuliza kitu kwa sauti ya chini. Watu wote ukumbini wakaanza kujifanya wanatafuta kofia zao.

Hakuna aliyesimamishwa. Matangazo sasa ni ya njano, wino kanunua mwalimu mkuu mwenyewe, na vijana wameshafika vijiji vyote vya jirani kwa basi langu, chini ya dereva bora kuliko wote kando ya Danubi. Kila Alhamisi chumba cha Dobrinka hujaa vijana wanaotaka kuzungumza, na siku hizi wazazi nao hupiga foleni. Ralitsa analala. Si kila usiku, amesema niandike hivyo, lakini analala.

Shangazi Dobrinka, wafanyakazi wenzako, wanafunzi na mji huu tunakushukuru. Tunakuombea afya, siku ndefu na majirani wasio na kelele. Ila usidhani umetuponyoka. Tutakuja kukujulia hali, na ukisema tu "salama", hatutainuka. Tutakaa hapo hapo mpaka utuambie vizuri yaliyo moyoni.

Minko Dachev, basi na boila