Kiyotaka na Neno Lake la "Hamna Shida"

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, mimi Wakui Fumie, mama mzazi wa marehemu, ndimi ninayesoma wasifu huu, kwa sababu mkewe, mkwe wangu Misuzu, leo hana sauti.

Marehemu Wakui Kiyotaka alizaliwa tarehe 9 Novemba 1979 hapa Tokamachi, mji wetu wa theluji nyingi, akasoma hapahapa, na mwaka 1998 akaajiriwa katika karakana ya kutia rangi vitambaa vya kimono, vazi letu la jadi, ambako alidumu mpaka alipoumia. Mwaka 2006 alimwoa Misuzu, wakajaliwa binti mmoja, Honoka.

Tarehe 20 Januari 2019, akiondoa theluji juu ya paa la jirani yetu Bibi Onozuka, aliteleza akaangukia kichwa, akalazwa, akarudi na sura ileile lakini si yule, maana aliacha jiko likiwaka, na kazi aliisahau akiwa ameishika mkononi.

Mwezi Mei mwaka huohuo alipelekwa kupimwa kumbukumbu na umakini, katika chumba kimya, akapanga vipande vya mbao, akarudia tarakimu, akapata alama nzuri, na alipoulizwa kama nyumbani kuna tatizo, alijibu kama tulivyomlea kumjibu mgeni, "Hamna shida." Nikiwa mlangoni nilimwambia mpimaji, "Huyo hata ukimkata mkono atakwambia hamna shida, niulize mimi ninayempikia." Akanijibu kwa upole, "Mama, anayepimwa ni yeye, tafadhali subiri nje." Nikasubiri nje, na cheti kikatoka kwamba ni mzima, hahitaji mtu wa kumwangalia.

Tarehe 11 Februari 2021, Misuzu akiwa kazini nami nimekwenda kununua tofu ya kupika, Kiyotaka aliona theluji imelemea paa letu, akapanda peke yake, bila kamba ya kumzuia asianguke, yeye aliyewafundisha vijana wa mtaa huu kufunga kamba kwanza, akaanguka akafariki, na kamba yenyewe tuliikuta kwenye msumari wake mlangoni. Kuifunga alikujua, alichosahau ni kuifunga, na hilo hakuna aliyelipima.

Tunawashukuru madaktari waliomwokoa mara ya kwanza, mafundi wenzake waliomvumilia, na majirani mliofukua njia kwenye theluji ili jeneza lipite. Aliyetia sahihi cheti kile simlaani, ila simshukuru, na atakayepimwa baada ya mwanangu, aulizwe pia anayeishi naye.

Pumzika kwa amani, Kiyotaka, na huko uendako wakikuuliza hali, usiseme hamna shida.