Macho Aliyotiwa Yonathani

Kaeni karibu, wanangu, nisikilizeni ningali na pumzi ya kusema. Na wewe Laurenti toka hapo mlangoni uje mbele yangu, maana sehemu kubwa ya maneno haya ni yako, na sitaki kesho useme hukusikia. Mimi baba yenu, Linus Mligo, mchoraji, naiacha dunia nikiwa na hasira, wala msije mkawadanganya waombolezaji kwamba mzee alikufa kwa amani.

Kuchora nilijifunza misheni, kwa Bruda aliyenipa picha za watakatifu wa kwao Ulaya, akaniamuru nizipige miraba kwa penseli na kuhamisha mraba baada ya mraba mpaka ukutani. Nilikuwa hodari. Nilipoujaza ukuta mzima wa kanisa, bibi yenu alikuja kwa miguu kuutazama, akasimama kitambo, akasema, "Nzuri. Nani amechora?" Nikamwambia, "Ni mimi, mama." Akatazama tena. "Mbona sikuoni humo?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanangu. Neno lile lilinitoa misheni likanipeleka Makambako, nikawa naandika vibao vya maduka na majina ya malori, na kila nilipopata nafasi nautafuta mkono wangu mwenyewe. Nilichora kama Bruda, nikachora kama kalenda za dukani kwa Mhindi, nikachora kama wachonga vinyago, na kila ubao ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Nilizichoma mbao zile, nikagombana na marehemu mama yenu aliyezitaka kwa mlango wa banda la kuku.

Kisha akaja wakala wa kuandikisha manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, na mdogo wangu Yonathani akaandikwa. Ilikuwa Julai, baridi inauma mifupa, ukungu umeifunika Makambako yote. Nilifika nimechelewa, nikawaona kwa mbali wakipanda lori, mabega na mablanketi tu, na Yonathani nikamjua kwa namna alivyoinamisha shingo. Nikamwita. Lori likaondoka. Alifia kambini kwa homa, na kaburi lake hakuna hata mmoja wetu anayelijua.

Nikataka kumchora. Kila nilipojaribu uso wake, alitokea mtakatifu wa Ulaya aliyevaa blanketi la Mbena. Siku moja hasira ikanipanda, nikashika tambara nikaifuta rangi ile mbichi, nia yangu kuharibu; nilipoinua mkono, Yonathani alikuwa amesimama pale: bega, blanketi, kichwa kinachoyeyuka katika weupe, vile vile nilivyomwona mara ya mwisho. Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Tangu hapo nilichora na kufuta, na kujua wapi nifute, wapi niache, ndiyo kazi iliyonila umri. Bruda alikuja kutazama akaniambia, "Linus, umesahau kuwapa nyuso." Nikamjibu, "Sikusahau. Zimechukuliwa." Hakunipa ukuta tena, na sijamsamehe.

Sasa wewe, Laurenti. Mimi nimelala hapa Njombe, siwezi hata kugeuka, nawe ukamwahidi yule mzungu mwenye shamba la miti ya miwati ubao wa baba yako mdogo autundike sebuleni. Naye aliposema picha haijaisha, ukachukua rangi nyeusi ya vibao ukamchorea Yonathani macho, pua na meno. Ukamchekesha marehemu. Kisha ukaniletea kitandani, uso umekunjuka kwa furaha, ukasema, "Baba, nimekumalizia." Kweli, mwanangu. Umenimaliza.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe nakuamuru utazame. Ubao ule hauendi kwa mzungu. Utundike nyumbani kwako, mahali unapokula chakula, na wanao wakikuuliza huyu anayecheka ni nani, uwaeleze alivyokufa, na uwaeleze nani alimtia meno. Kibanda cha Makambako ni chako, na ngazi, na rangi zote. Kuandika vibao ni kazi halali, nawe unaiweza, ila jina langu usiliandike mlangoni.

Telesia, binti yangu, nyumba hii ni yako, na shamba la bondeni, na mbao zote zilizosalia. Zitunze, usiziongeze. Mkono wako naujua, nimeuona ukutani jikoni ulikochora kwa udongo na masizi, na sikuelewa ulichokuwa unatafuta, nikafurahi. Basi usifute kama mimi. Mimi nilifuta kwa sababu ya ndugu yangu. Tafuta chako, hata kikikula umri, na atakayekuja kukumalizia, mfukuze, awe padri, awe mume, awe kaka yako huyu.

Nipe maji... Basi, yatosha.

Nizikeni kando ya mama yenu, msalaba wa mti, bila picha. Msigombane juu ya shamba. Sogea, Telesia, niweke mkono. Mungu akupe macho marefu na moyo mgumu... Na wewe, Laurenti. Inama, mkono haufiki. Radhi yangu unayo. Hasira nakwenda nayo, nitaulizwa mimi. Lakini radhi... unayo.

Usinishukuru.