Barafu Inayoliwa kwa Chini

Basi la Tororo liliondoka Busia asubuhi, mwaka wa sabini na saba. Mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: Muniru, mpishi wa meli aliyekuwa akirudi kwao baada ya miaka mingi, na Mama Akongo, mkulima wa kijiji cha Merikit.

"Kusini kabisa mwa dunia kuna barafu kubwa kuliko wilaya hii, inaelea baharini," Muniru alisema. "Inayeyuka kwa chini."

"Kwa chini? Jua si iko juu?"

"Si jua, mama. Kuna maji yanatembea ndani ya bahari kama mto. Yanatoka mbali yakiwa na joto, yanapita chini ya barafu, yanaila."

Akongo alicheka. "Mimi napika kila siku. Maji moto inapanda juu."

"Haya yana chumvi nyingi kuliko yale ya juu, kwa hiyo ni mazito. Wataalamu wa meli yetu waliyapima."

"Chumvi nyingi!" Basi zima lilicheka, maana mwaka ule chumvi haikuwepo madukani, tuliisikia tu. "Na wewe umeiacha, unarudi huku?" Akongo akauliza.

Tulifika kwenye kizuizi cha askari barabarani, tukatoa vitambulisho. Askari alichungulia, akaturuhusu.

"Mama yangu yuko huku," Muniru akajibu.

Akongo alimmiminia karanga kiganjani. Basi liliposimama Tororo, Muniru alikuwa ameshainuka, anatabasamu akiutazama mwamba wa mji, na Akongo bado anamwambia kwamba sufuria yake haijawahi kumdanganya.