Nyaya Mbili za Mkia, na Maisha ya Mume Wangu Gideoni

Ndugu waombolezaji, mimi Raheli nimeyaandika haya, na shemeji yangu Yoramu anawasomea kwa kuwa sauti yangu haifiki mbali. Habari ya nyaya za mkia wa ile ndege iliyoanguka niliambiwa kwanza na Swedi, fundi mwenza wa marehemu, jana Jumanne jioni, naye alilia akiniambia.

Marehemu Gideoni alizaliwa Haneti mwaka 1889, akasoma shule ya misheni Mvumi kuanzia 1902 hadi 1906, kisha mwaka 1909 akaajiriwa useremala kwenye njia ya reli pale Gulwe, na reli ilipofika Dodoma akafika nayo. Tulifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1911, Mungu akatujalia Loisi mwaka 1912, na Sila, ambaye ana miezi minne.

Mwezi Mei mwaka huu wa 1914 ndege Ulaya ya Mjerumani mmoja ililetwa kwa treni ikiwa vipande ndani ya masanduku, na marehemu akapewa kazi ya kuiunga pamoja na Swedi, na kila akirudi alinifundisha kwa ungo wangu, akinisimamisha penye upepo niushike ubapa, niinue kidogo ukingo wa mbele, nami nikausikia mkononi ukitaka kupanda. Alisema bawa ni hivyo hivyo, mtambo unaivuta ndege mbio ili upepo upite kwenye mabawa na kuibeba, lakini ukingo ukiinuliwa kupita kiasi upepo unaliachia bawa, na ndege inaanguka. Mkiani kuna ubao uliosimama, wa kugeuzia kushoto na kulia, na ubao uliolala, uliofungwa kwa nyaya mbili hadi kwenye mpini wa rubani, akivuta mpini ubao huinuka, upepo huusukuma mkia chini, na pua hupanda.

Jirani yetu mzee Matonya alimtania mbele ya watu, "Wewe Gideoni, ukifika huko juu mwambie Mungu mtama wetu umekauka, na ukishindwa kushuka usituite," tukacheka sote, na marehemu alicheka kuliko wote.

Tarehe 13 Juni alishikwa na homa kali, lakini Jumatatu tarehe 15 aliitwa kufunga nyaya za mkia, akazifunga akitetemeka, na jana asubuhi aliamriwa kukaa nyuma ya rubani. Mbio ziliiinua ndege kufikia urefu wa mti, rubani alipovuta mpini ipande zaidi ikachoma pua ardhini, yeye akavunjika miguu, na Gideoni akafariki palepale, akiwa na miaka ishirini na mitano. Kabla ya jua kuzama vijana walikuwa wamemfunga mzee Matonya zizini kwake, wakisema mdomo wake ndio ulioiangusha ndege, na kwamba tukishazika nyumba yake ya tembe itabomolewa na yeye kufukuzwa.

Tunamshukuru daktari aliyemwosha, majirani waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ngumu, na mafundi wenzake, hasa Swedi, ambaye angeweza kunyamaza kuhusu nyaya zile, lakini aliniambia.

Leo asubuhi nilimbeba Sila mgongoni nikaenda penye mabaki, askari akaniuliza, "Mama, unatafuta nini humo?" nikaushika mpini nikauvuta, na ubao wa mkia, uliopaswa kuinuka, ukashuka. Nilivuta mara tatu. Nyaya zilikuwa zimepishana, na msokoto wa waya ulikuwa wa mume wangu, naujua, ni kama ule aliousokota kwenye mlango wetu.

Pumzika, Gideoni, hukurogwa na mtu, ulikuwa na homa. Kutoka hapo nilikwenda zizini, nikawaambia vijana nilichokiona, nikamfungua mzee Matonya kwa mikono yangu, nikamwomba atupe udongo wa kwanza kaburini.