Mwalimu Koku Aaga Ofisi ya Ushauri wa Masomo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Kokushubira Rwehumbiza anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha sayansi hapa Usagara kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi walimwita Mwalimu Koku, nasi tukaiga.

Alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, katika familia ya wakulima wa migomba na kahawa. Alikuja kwetu kufundisha kemia. Hatukudhani angeishia kwenye kazi ambayo wengi wetu tuliikwepa: kukaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mmoja mmoja, na kuwasaidia kuchagua masomo mawili makuu watakayosoma hadi kuhitimu. Uchaguzi huo hufanywa majuma ya mwanzo kabisa, mwanafunzi akiwa bado anaulizia bwalo liko wapi. Akikosea, anaweza kupoteza mwaka, au akapoteza chuo.

Mwanafunzi akilia ofisini, alimpa punje za kahawa ya kutafuna kutoka Kamachumu. Vijana wa Misungwi na Kwimba hawakuwa wamezizoea. Ule uchungu uliwashtua, wakasahau kulia, na mazungumzo yakaanza.

Lakini hakuianza kazi hii akiwa ameiva, na mwenyewe ameniomba nisiliruke tukio lifuatalo.

Alipokuwa bado mgeni katika ushauri, alifika binti wa Ukerewe aitwaye Paskazia, akitaka kusoma fizikia na hisabati. Alama zake za fizikia za kidato cha sita zilikuwa za chini. Mwalimu Koku alizitazama, akamwelekeza achukue botania na kemia. Binti hakubisha. Kabla muhula haujafika katikati, hakuonekana tena darasani.

Wenzake walisema amerudi kwao. Mwalimu Koku hakutuma mtu. Jumamosi alipanda meli hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, akauliza njia, akamkuta Paskazia na mama yake wakianika dagaa. Baba yake, Mzee Malimi, alimkaribisha kwa heshima, ila hakuficha lililomkaa moyoni.

"Mwalimu, mtoto anasema mlimwambia hawezi."

"Ni mimi niliyemwambia, mzee," alijibu Mwalimu Koku. "Na sikumuuliza kitu. Nimekuja kumuuliza."

Ndipo ikajulikana kwamba shuleni kwao hakukuwa na mwalimu wa fizikia kidato cha tano wala cha sita. Paskazia alisoma peke yake, kwa kitabu kimoja ambacho darasa zima lilipokezana. Alama zile zilizoonekana ndogo, alizipata bila kufundishwa. Mwalimu Koku alimwomba radhi mbele ya wazazi wake. Mzee Malimi akamwambia binti yake akafungashe nguo.

Kumrudisha hakukuwa rahisi. Muda wa kubadili masomo ulikuwa umepita, na uongozi wa wakati huo ulisita. Mwalimu Koku alisema kosa ni lake, aandikiwe yeye onyo, lakini binti asifungiwe mlango. Onyo aliandikiwa, na binti akaruhusiwa. Mimi, kama mwalimu wa fizikia, nilipewa jukumu la kumfundisha masomo ya ziada. Alirudia mtihani mmoja, akahitimu, na leo anafundisha fizikia katika sekondari moja kisiwani kwao Ukerewe.

Tangu hapo, Mwalimu Koku hakumpa mwanafunzi ushauri wowote kabla ya kumuuliza nani alimfundisha kila somo, na alifundishwaje. Foleni mlangoni kwake ikawa ndefu, wakati mwingine tukalalamika. Hakuharakisha.

Mwaka 2016 alimzika mumewe, marehemu Revocatus, siku chache kabla ya chuo kufunguliwa. Matanga yalipoanuliwa tu, tulimkuta ofisini. Dorotea wa masjala alimfuata akamwambia, "Dada, rudi nyumbani upumzike."

"Nyumbani nina watu wa kunipa pole," alisema. "Hawa watoto wamefika juzi, hawamjui mtu."

Tulimletea chai, tukamwachia wanafunzi wake.

Sasa anarudi Kamachumu. Mama yake mzazi yu hai, amezeeka sana, na kwa miaka yote hii amekuwa akimwona binti yake likizo kwa likizo, daima na tarehe ya kuondoka ikiwa imeshapangwa. Tulipomuuliza Mwalimu Koku atafanya nini huko, alisema atakaa tu na mama. Tulijua ni sisi tuliokuwa tukimhimiza awahi kurudi kazini.

Asante, Mwalimu Koku, kwa vijana uliowasikiliza na kwa sisi uliotufundisha kusikiliza. Mungu akujalie afya na utulivu, akutunzie mama. Safari hii hakuna anayekusubiri kazini. Kaa naye.

Antoni Rugambwa
Idara ya Fizikia