Sauti ya Kisigino Redioni

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lenye mguu wa kuazima, kati ya kibanda cha Kisigino, fundi viatu, na meza ya Betri, fundi redio. Hapo ndipo nchi inapoendeshwa kila asubuhi, mradi kahawa ipo. Wiki hiyo redio haikuchoka kutangaza sherehe ya Jumamosi: wageni walioishi nchini miaka mingi wangekula kiapo cha uraia uwanjani, na watu wote wamealikwa. Kisigino, aliyezoea kusema “sisi wenye nchi” utadhani alikabidhiwa funguo, alishasema haendi ng’o. Ndipo tangazo likaleta sauti ya mmoja wa hao wageni. Alikohoa mara mbili, akasema, “Njooni mnishuhudie. Nimengoja sana.” Kikombe cha Kisigino kikaishia hewani.

— Kisigino, si wewe huyo? aliuliza Betri.

— Niwe humo, na niko hapa nakunywa kahawa?

— Ni wewe. Hata kikohozi ni chako.

Waziri, kinyozi ajuaye siri zote za serikali bila kuambiwa, akasogea.

— Siku hizi wanachukua sauti za watu. Unapiga simu tu, wanaivuta, wanampa mgeni.

— Acha hizo, Waziri.

— Haya. Kesho watachukua na sura.

— Mimi naona ni marehemu, alisema Betri. Wanawapa wafu uraia ili wapate wapiga kura.

Walitaka kucheka, lakini Kisigino alikuwa ameweka kikombe chini.

— Nilikuwa na pacha, alisema. Tulikuwa wachanga. Mama alisema alimfia njiani. Hapakuwa na jembe, wakamfunika majani.

Miaka yote ya kukaa naye benchi moja, hawakuwahi kulisikia hilo. Waziri alikuwa anamsogezea kikombe alipofika dada mmoja wa redio, mkononi kiatu kilichokatika, mabango ya sherehe kwapani. Alimwona Kisigino, akarudi nyuma hatua moja.

— Kaka, umenipitaje? Nimekuacha studio sasa hivi.

— Umemwacha nani?

— Wewe. Nimekurekodi tangazo la kesho.

Kisha akaiona mikono ile, imeganda gundi hadi kwenye kucha.

— Basi si wewe, alisema polepole. Yule anasema aliokotwa ng’ambo ya mpaka, kichanga, kafunikwa majani. Hana ndugu hata mmoja wa kusimama naye Jumamosi.

Kisigino alitamani kukimbia mpaka huko studio na aproni yake. Alifurahi, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na woga ambao hakujua umetoka wapi.

— Nitasimama naye mimi. Ni ndugu yangu. Mama alimwacha njiani.

— Pole, kaka, alisema yule dada. Njiani mama akitoka wapi kuja huku?

Betri alizima redio. Waziri alitazama ndani ya kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Kisigino akakohoa mara mbili, kama afanyavyo siku zote kabla ya kusema, na wote wakangoja.