Shemasi Aache Nini?

Wewe, ukiambiwa uache kitu ambacho hujawahi kukishika, utaanzia wapi? Fikiria hilo, kisha uje uketi nasi hapa Kayole, kwa benchi la Batulo anayeuza kahawa ya tangawizi. Jana Jumatano jioni tulikuwa wanne. Sylvance hutengeneza simu, tunamwita Injinia ingawa chuo amekipita tu akielekea stage ya matatu. Javan alifanya kazi Qatar miezi minane akarudi na lafudhi, huyo ni Dayaspora. Mimi ni Msomi, digrii ya uchumi, mwaka wa nne natafuta kazi, so muda wa kusikiliza upuuzi ninao. Na Opicho, shemasi wa kanisa la hapo nyuma, ambaye hukaa kwa cherehani sokoni Gikomba kutwa nzima akirekebisha suruali za mitumba. Batulo alimtilia kahawa na vijiko vinne vya sukari kama kawaida. Opicho hata hakushukuru.

— Shemasi, niaje? Sylvance akauliza. Umenuna ni kama Jumapili sadaka ilikuwa vifungo.

Opicho akanipa karatasi ya zahanati. Alikuwa ameenda kwa ajili ya uchovu na uzito fulani upande wa kulia, akapigwa picha ya tumbo. Juu wameandika fatty liver. Chini wamegonga mhuri: avoid alcohol. Basi, that's all.

— Mafuta yamejaa kwa ini, nikamtafsiria. Na uache pombe.

— Pombe sijawahi kuonja, Opicho akasema. Lakini Ayuma ameiona hiyo karatasi. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sasa mke wangu ananinusa nikiingia mlangoni. Amemwambia mchungaji. Jumapili wazee wa kanisa wananiketisha. Watanitoa ushemasi.

Hapo hata Javan aliweka kikombe chini.

— Ini ni kabureta, Sylvance akaanza. Limeziba tu. Sufuria yenye mafuta unaosha na nini? Maji moto. Piga jagi tatu, mafuta yateremke.

— Yateremke yaende wapi? nikauliza.

— Msomi, tafuta kazi.

— Ni baridi hiyo, Javan akasema. Doha sikuona mtu na hii shida, kuna joto. Angalia mafuta ya kupikia mwezi wa saba, yanaganda kwa kopo. Shemasi anakaa karibu na mto, upepo unampiga mbavuni. Avae makoti mawili.

— Mawili ya nini? Sylvance akamkata. Kila siku anapaka cherehani mafuta na kidole. Ngozi inanyonya. Miaka ishirini, hiyo ni mtungi mzima. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Wahenga hawakuwa na cherehani, Javan akajibu.

— Ndiyo maana hawakuugua.

Opicho akatikisa kichwa polepole. — Mimi nimejitahidi. Mafuta nimekata kabisa. Nyama hakuna, mboga za kukaanga hakuna. Lunch ni nusu mkate na soda ya nusu lita. Hapo hakuna hata tone la mafuta.

— Hongera, umecheza kama wewe, Javan akasema. Mwenda pole hajikwai.

— Na nina hii. Akatoa chupa isiyo na lebo, mitishamba ya kusafisha ini, aliyouziwa stage na jamaa wa kipaza sauti. Jamaa anadai inatibu ini, mgongo na ndoa.

— Anza na ndoa, Sylvance akamshauri.

Msichana aliyekuja na kikombe chake kununua kahawa alikuwa amesimama tu akisikiliza. Koki, mpangaji mpya wa ghorofa ya pili, jengo la jirani.

— Samahani, baba. Pombe hunywi kabisa?

— Kabisa, mwanangu.

— Sasa mtu asiyekunywa aache nini?

Sylvance akaangalia simu ya mteja. Mimi na digrii yangu tukaisoma karatasi upya. Batulo ndiye aliyevuta mkebe wa sukari upande wake.

— Shemasi, nimekuwekea vijiko vinne miaka sita. Labda tuanze na hivi.

— Mamangu kule Tala aligongewa mhuri kama huo, Koki akasema, na hata divai ya meza ya Bwana huwa anaramba tu. Aibu ikamweka nyumbani mwaka mzima. Daktari mwingine ndiye aliyemketisha, akamwambia sukari ikizidi, ini huigeuza mafuta. Kwamba aache soda, mkate na ugali apunguze, ale mboga ya sukuma na maharagwe, hata vikikaangwa kidogo. Atembee kila siku. Apimwe sukari ya damu. Tembe hakupewa. Amepungua kilo saba, na picha ya pili ilionyesha mafuta yamepungua.

— Na hii chupa? Opicho akauliza.

— Ukimeza, baba, inapita kwa hilo hilo ini. Na hujui ndani kuna nini.

Opicho akaisukuma chupa chini ya benchi. Akanywa kahawa mpya ambayo Batulo alimtilia bila sukari, chungu, akakunja uso.

— Soda nitaacha. Lakini wazee hawataki hadithi ya mama wa Tala. Wanataka karatasi, na karatasi inasema pombe.

Nikaigeuza karatasi. Nyuma ni nyeupe, hakuna hata nukta.

Basi nyinyi mnaosimamia hiyo zahanati, nafasi ipo. Andikeni hapo, kwa Kiswahili, kwamba ini hujaa mafuta hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe. Andikeni ale nini, aache nini, atembee kiasi gani, arudi lini. Mliweza kuchonga mhuri wa pombe, chongeni na wa soda. Kesho Ijumaa asubuhi Shemasi anakuja hapo kwa miguu, na mimi niko naye, na Ayuma tutakuja naye. Elezeni mbele ya mke wake, mtie sahihi, ili wazee waisome Jumapili. Na msituambie turudi Jumatatu.